Wakija Kukagua Soba Yako, Usipige Deki

Mwaka wa tatu tangu tufungue soba yetu, yaani nyumba ya watu wanaoacha dawa za kulevya, huku Mbagala, tulipigiwa simu jioni kwamba kesho yake timu ya manispaa inakuja, na pamoja nao mtu kutoka Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Jamani, ile nyumba haijawahi kung'aa vile. Tulipiga deki mpaka kuta. Vijana wawili waliokuwa na arosto mbichi, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, tukawahamishia chumba cha uani, tukawaomba wasikohoe. Mimi nikajifungia na daftari la mahudhurio, ambalo lilikuwa jeupe tangu Septemba, nikalijaza kuanzia saa mbili usiku mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Nani kaamkaje, kala nini, kahudhuria kikao gani. Mwandiko wangu mzuri, kalamu moja ya bluu.

Asubuhi akaingia mama mmoja muuguzi, mtu mzima, kitenge na raba. Kiti chetu cha plastiki kilikuwa kimepasuka mguu, kwa hiyo alipindua ndoo akakaa juu yake, akafunua daftari taratibu kama anayesoma barua ya posa. Akafika mahali akasimama.

"Baba, tarehe 31 Novemba mlikula nini?"

"Wali maharage, mama," nikajibu bila kusita.

Akaniangalia juu ya miwani. "Na Novemba ina siku ngapi?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alifunga daftari, akaniambia, "Sasa nipeleke kwa wale uliowaficha." Alikuwa ameshasikia kikohozi.

Nawaandikia nyie mnaoendesha soba, au mnaotaka kufungua, kwa sababu nimeona wengi tunafanya kosa lile lile. Wanapokuja wataalamu wa serikali tunawapokea kama polisi: tunaficha, tunapamba, tunawapa soda, wakiondoka tunapumua. Halafu tunalalamika kwamba hawatusaidii. Watakusaidiaje jambo ambalo umelifungia chumba cha uani?

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Ukisikia "msaada wa kitaalamu" au "usimamizi shirikishi", jua hela haimo. Mimi nilikaa miezi nasubiri hela. Kinachokuja ni mtu anayejua usichokijua, anakaa na wewe, anaangalia unavyofanya kazi, anakwambia wapi utamuua mtu. Soba zetu nyingi zimeanzishwa na sisi tuliokuwa mateja au na familia zilizochoka. Mimi nilikula unga, yaani heroini, miaka 11. Niliacha kwa zile hatua 12 wanazofuata waraibu wanaosaidiana kuacha, na kwa vikao vya kila jioni, basi nikaamini nimeshahitimu. Kumbe nilichokuwa najua ni safari ya mtu mmoja, yaani mimi.

Tuliyojifunza baada ya lile daftari ni mengi, lakini kubwa lilitoka kwa fundi seremala mmoja.

Yule mzee hakuwa wa unga. Alikuwa wa gongo, chupa baada ya chupa, miaka na miaka. Mkewe alimleta Jumatatu mchana akiwa bado analewa. Tukamfanyia tulichokuwa tunawafanyia wote: tukamwogesha maji baridi, tukampa uji, tukamwambia vumilia, arosto haiui. Usiku wa pili akaanza kutetemeka mikono mpaka kikombe kinagonga meno. Tukasema ndiyo yenyewe hiyo, inatoka. Saa tisa usiku akaanguka kifafa. Akaamka, akaanguka tena. Tulimkimbiza hospitali kwenye bajaji, miguu inaning'inia nje. Mungu alisaidia, alipona.

Safari iliyofuata nilimsimulia yule mama muuguzi bila kupunguza neno, hata sehemu ya maji baridi. Akanifundisha kitu ambacho mtu yeyote mwenye soba anapaswa kukijua kabla hajanunua godoro la kwanza. Arosto ya unga inamtesa mtu vibaya: mifupa, kuharisha, kutapika, usingizi hakuna, siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, kisha inaanza kushuka. Ni mateso, ila kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine na anayepata maji ya kutosha ni nadra kumuua. Arosto ya pombe ni mnyama mwingine. Mnywaji mkubwa akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, halafu kuchanganyikiwa, kuona vitu, na kufa. Vidonge vya usingizi kama Valium navyo vikikatishwa ghafla vinaweza kuleta kifafa, na vijana wetu wengi wanavichanganya na unga bila kukutajia. Hawa hawaachishwi kwa uji na maombi. Wanahitaji daktari, dawa za kupunguza taratibu, na wa pombe vitamini B1.

Kwa hiyo leo, kabla mtu hajashusha begi, tunamuuliza: umetumia nini, mara ya mwisho lini, unachanganya na nini, umewahi kuanguka kifafa? Akisema pombe kila siku au vidonge, hatumpokei siku hiyo, tunampeleka hospitali kwanza. Maswali manne. Yangekuwepo siku ile, fundi wangu asingekaribia kufa mikononi mwangu.

Halafu kuna suala la methadoni, dawa anayopewa mtu kliniki badala ya unga, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu.

Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Muhimbili, Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar wakafungua Kidongo Chekundu, baadaye huduma ikafika mikoani. Huko kwenye soba tuliipokea kwa matusi. Tulikuwa tunasema "hao wameacha unga wa mtaani wanakula unga wa serikali". Mimi mwenyewe nimelisema hilo mbele ya watu. Tulikuwa tunamkatalia kitanda mtu yeyote anayekunywa dozi.

Iliyonibadilisha ni hesabu niliyolazimishwa kuifanya. Yule mama aliniomba niandike majina ya vijana wote waliomaliza kwetu mwaka uliopita na niweke alama mbele ya kila mmoja: mzima, amerudia, sijui, amefariki. Nilianza kwa kujiamini. Nilipofika jina la saba nikaweka kalamu chini. Kulikuwa na kijana aliyekaa kwetu miezi minne, msafi, mcheshi, anapika chapati kuliko wote. Alitoka Ijumaa, Jumapili akakutwa chooni maskani kwao. Alipiga kiasi kile kile alichokizoea zamani, na mwili ulikuwa umeshasahau. Hilo nalo sikuwa nalijua: mtu aliyekaa muda bila unga, uwezo wa mwili wake kuuhimili unashuka, na siku akiteleza dozi ya zamani inamzimisha pumzi. Mimi nilimpa cheti na kumpigia makofi. Sikumwambia neno hilo hata moja.

Methadoni kwa kawaida inanywewa kila siku mbele ya mhudumu wa kliniki, inaanza kidogo na kupandishwa taratibu, inashika mwilini zaidi ya siku nzima, na mtu anaondoka kwenda kazini bila kubembea, yaani kusinzia kama aliyekula unga. Siyo kila mtu anaihitaji, na wapo walioacha kama mimi bila hiyo. Ila kuna wanaorudia mara tano, mara sita, na kuwanyima kwa sababu ya falsafa yetu ni kucheza na roho za watu. Siku hizi tunalaza watu walio kwenye dozi. Alfajiri wanatoka, wanakwenda kliniki, wanarudi kwenye kikao.

Mmoja wao alitupa somo jingine. Alikuwa ametulia miezi, kisha akagundulika ana TB, akaanza dawa. Baada ya kama wiki mbili akaanza kulalamika kwamba ikifika jioni anatoka jasho, mifupa inauma, kamasi. Mimi, mjuaji, nikasema huyu anatuchezea, anatafuta sababu. Nikataka kumfukuza. Msaidizi wangu, kijana wa darasa la saba, akasema tupige kwanza ile namba. Ile namba ni ya kliniki, imeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko. Wakatuambia tumlete kesho mapema: mojawapo ya dawa za TB, rifampisini, inafanya mwili uimalize methadoni haraka, kwa hiyo dozi yake haikuwa inamfikisha asubuhi. Daktari akaipandisha. Jasho likaisha. Kijana hakuwa anadanganya, na mimi nilibakiza usiku mmoja tu kumrudisha kwenye kete za unga.

Namba ya simu nyuma ya mlango. Ukiniuliza msaada wa kitaalamu una faida gani, nitakuonyesha ule mkaa.

Kuhusu mlango wa mbele, huo nao una habari yake. Zamani tulikuwa na kufuli. Mama analeta kijana amefungwa kamba kwenye bajaji, analia, analipa mwezi mzima, sisi tunafunga. Tukaelezwa kwamba mtu mzima anapokelewa kwa ridhaa yake. Sikupenda, nasema ukweli. Kufuli lilikuwa linatuletea wateja. Sasa tunamweka mama barazani na chai, tunazungumza na kijana peke yake, tunamuuliza wewe unataka nini. Wengine wanasema sitaki, wanaondoka, na mama anatutukana. Tumepoteza kodi ya miezi kadhaa kwa njia hiyo. Ila wanaobaki wanabaki kweli, na hatuna tena kesi ya mtu kuruka ukuta usiku na kuvunjika mguu.

Siyo kwamba kila anayekuja na beji anastahili kufunguliwa moyo. Wapo wanaokuja kupiga picha na kusaini kitabu cha wageni, dakika 20 wamekwenda. Nimehudhuria semina ya siku mbili hotelini ambayo kila kitu ukutani kilikuwa kwa Kiingereza, na nusu yetu tumeishia la saba. Siku ya kwanza tulikula biskuti na kutikisa vichwa. Siku ya pili nikanyoosha mkono nikasema, "Samahani, hatuelewi." Ukimya. Kisha mwezeshaji akacheka, akazima mashine, akaanza kufundisha kwa Kiswahili kwenye ubao, na yale masaa matatu yalinifaa kuliko siku nzima iliyotangulia. Kumbe naye alikuwa anateseka na zile slaidi.

Kwa hiyo wadai. Wakija, usiwaruhusu waondoke kabla hawajaandika kwa mkono wao mambo mawili au matatu ya kurekebisha, na nani atafanya, na lini watarudi kuangalia. Waulize unayoyaogopa: mtu akizidisha humu ndani usiku tufanyeje, naloksoni, ile dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, tutaipataje, nani ana funguo za gari la wagonjwa? Waombe waje jioni, wakati wa kikao au wa ugomvi wa chakula, maana asubuhi saa nne kila soba ni pepo. Kama hujawahi kutembelewa kabisa, usisubiri. Anza na ofisa ustawi wa jamii wa kata yako, andika barua, bakisha nakala yenye muhuri, na ueleze nyumba ina watu wangapi na unakwama wapi. Na uwe na usajili. Nyumba isiyosajiliwa inaogopa kila anayebisha hodi, kwa hiyo haitajifunza kitu. Mamlaka ina mwongozo wa kuendesha nyumba za upataji nafuu, ndilo jina letu la kiserikali. Uombe, usomeni kwa sauti ukurasa mmoja kila jioni kama sisi tulivyofanya. Vijana walikuwa wa kwanza kunionyesha vipengele ninavyovunja.

Daftari letu siku hizi ni bovu kulitazama. Lina kalamu za rangi nne, lina doa la chai, kuna siku imeandikwa "hakuna umeme, kikao hakikufanyika, fulani na fulani wamepigana kwa sababu ya sabuni". Yule mama alilikagua mara ya mwisho akasema hilo ndilo daftari.

Alhamisi wanakuja tena. Choo cha pili kimeziba tangu Jumamosi na fundi hajatokea. Nimeshakiandika.