Uliza Karani: Alijibu "ni kweli", je, amekiri kosa?

SWALI: Shikamoo Mzee Karani. Mdogo wangu alinunua simu kwa mtu asiyemfahamu. Askari wakamfuata, na kesho yake akasomewa shtaka la kupatikana na mali ya wizi. Alipoulizwa akajibu, "Ni kweli, simu nilikuwa nayo." Hakimu akaandika kwamba amekiri, akamtia hatiani. Adhabu itasomwa wiki ijayo na wakili hatuna. Ndiyo imekwisha? – Dada mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Haijaisha, ila wiki hiyo msiimalize kwa kuzunguka mkitafuta mtu "anayejuana na hakimu".

Miaka yangu ya kazi niliimaliza mbele ya mahakimu, nikisoma mashtaka na kutafsiri majibu, na jibu la mdogo wako nimelisikia kwa sauti za kila namna. Mtu muungwana akisomewa jambo ambalo nusu yake ni kweli, husema ni kweli. Karani naye anasoma mbio, orodha ya kesi ni ndefu, hakimu anatazama saa.

Ombeni nakala ya hati ya mashtaka, ni haki yake. Mtaona ina vipande viwili. Cha kwanza kinataja kosa na kifungu cha sheria. Cha pili, maelezo ya kosa, kinasema ni nani, lini, wapi, alifanya nini na kwa nia gani. Watu hukikodolea macho kile cha kwanza kwa sababu ndicho kinachotisha, na utetezi wao umelala kwenye cha pili. Katika mashtaka ya mali ya wizi, tafuteni humo maneno kama "akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba mali hiyo imeibwa". Sasa rudini kwenye jibu lake. Amekubali kwamba simu ilikuwa mkononi mwake. Kwamba alijua imeibwa, hakuna aliposema.

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinautumia hadi leo. Mshtakiwa asomewe shtaka na kila kiungo cha kosa, yaani kila jambo linalolifanya liwe kosa, kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze jinsi tukio lilivyokuwa, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali maelezo hayo au kuyapinga. Akipinga, au akiongeza jambo linaloonyesha kwamba hakukusudia kosa, hakimu aandike kwamba amekana, kesi isikilizwe. Ndiyo maana aliyesema "ni kweli nilimpiga, lakini alinijia na panga" hajakiri chochote cha kumfunga.

Siku ya adhabu, kabla hakimu hajaisoma, mdogo wako anyooshe mkono aseme: "Mheshimiwa, naomba kubadilisha jibu langu. Simu nilikuwa nayo, lakini sikujua kwamba ni ya wizi." Kabla ya adhabu hakimu ana uwezo wa kukubali ombi hilo, ni hiari yake, lakini anatakiwa aitumie kwa haki. Akikataa, kateni rufaa upesi. Kenya siku ni 14 tu, na Tanzania notisi ya kusudio la kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10. Mtu atawaambia kwamba aliyekiri hana rufaa ila juu ya adhabu. Kwa kawaida ni hivyo, lakini pale jibu lenyewe lilipokuwa na utata, mahakama ya juu husikiliza.

Sikuahidi ushindi. Ataulizwa kwa nini alinunua simu bila risiti kwa mtu asiyemjua, na swali hilo ni zito. Aanze sasa kukumbuka nani alikuwepo na malipo yalipitaje. Kama alilipa kwa simu, rekodi ya muamala huo ina thamani kuliko mashahidi watatu wa ukoo.

SWALI: Nikikamatwa nikanyamaza, si nitaonekana mjeuri mwenye jambo la kuficha? – Msomaji, jina ninalo

JIBU: Jina lako na unapoishi, taja. Kwa mengine sema kwa adabu, "Afande, nitajibu nikiwa na wakili," kisha ufunge mdomo kweli. Wengi hutamka sentensi hiyo halafu wakaendelea kupiga soga kwenye gari, na soga hiyo ndiyo inayokuja kusomwa mahakamani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unakataza kumlazimisha mshtakiwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Miranda, na yale maonyo ya "una haki ya kunyamaza" mnayoyasikia kwenye sinema yalitoka huko. Lakini sinema isikupotoshe: Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1994, kunyamaza kituoni kisha kuleta utetezi mpya mahakamani kunaweza kukudhuru. Muulize wakili wa nchi ulipo.

Ukiamua kuandikisha maelezo, yasome yote kabla ya kusaini. Penye kosa pakatwe, uandike sahihi yako pembeni ya masahihisho. Nafasi tupu kati ya mstari wa mwisho na sahihi yako ipigwe mstari. Na kama hujui kusoma, useme usomewe, na hilo nalo liandikwe.

SWALI: Nilikamatwa Ijumaa jioni, nikapelekwa mahakamani Jumatatu. Saa 24 ziko wapi? – Mwenye hasira

JIBU: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini zikiishia siku ambayo mahakama haikai, muda unasogea hadi siku ya mahakama inayofuata. Ijumaa jioni, basi, ni Jumatatu kihalali, na kuna wanaolijua hilo wanapochagua saa ya kubisha hodi. Ila wikendi haizuii dhamana ya polisi. Ndugu zako waiombe Jumamosi asubuhi kwa mkuu wa kituo, na akikataa, wamwombe sababu kwa maandishi.