Hiace Utaipatia Fundi, Friji Je? Vifaa vya Kubeba Ukija na Gari la Kulala Malindi hadi Mokowe

Msomaji mmoja wa Thika ameniandikia. Ana Hiace aliyoitoa viti akaiwekea kitanda, jiko, friji ya volti 12 na tangi la maji. Desemba anashuka Pwani na familia: Malindi, Mambrui, Ngomeni, Marafa, kisha apite Garsen na Witu mpaka Mokowe, avuke Lamu. Ameambatanisha orodha ya vifaa anavyotaka kubeba: altaneta ya akiba, stata, pampu ya maji ya injini, bushi, jeki mbili, na boksi la spana ambalo yeye mwenyewe anasema haliinuliki na mtu mmoja.

Kaka yangu, umefunga mizigo kinyume.

Hiace ndiyo matatu ya Pwani nzima. Spea zake ziko Malindi, na fundi anayeijua kwa sauti tu yuko Malindi, hata Garsen pale njia panda hutamkosa. Sijui nani aliwafundisha watu wa bara kwamba ufundi unaishia Mariakani. Altaneta ikikufia Gongoni, itang'olewa na kurekebishwa kabla hujamaliza kula. Lakini pampu ndogo ya maji ya volti 12, fyuzi kubwa ya betri ya pili (ile inayolisha vifaa vya ndani), mpira wa bomba la sinki lako? Hivyo utazunguka na picha zake kwenye simu mchana kutwa, na kila duka litakuelekeza duka jingine. Kwa hiyo beba vya nyumba kwanza, vya gari baadaye.

Nianze na friji, kwa sababu ndiyo inayowaliza wengi. Malalamiko huwa yaleyale: betri imejaa, friji inazimika usiku, samaki wanaharibika. Mtu ananunua betri mpya na tatizo linabaki palepale. Friji ya kompresa ina kinga inayoizima volti zinazoifikia zikishuka sana, na mara nyingi volti hazipotei kwenye betri, zinapotea njiani. Beba mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini. Friji ikiwa inanguruma, pima kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye soketi ya friji. Ukikuta 12.6 kwenye betri na 11.4 kwenye soketi, volti 1.2 zimeliwa na waya na viungo. Betri haina kosa.

Mafundi wengi hutandika waya wa taa za nyumbani, wa milimita 1.5 za mraba. Kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi ni mita 10, na friji inayovuta ampea 5 itapoteza zaidi ya nusu volti kwenye waya huo pekee. Ukiweka wa milimita 6, hasara inashuka hadi kama 0.15. Volti nyingine hupotelea kwenye kutu. Upepo wa bahari huku huingia kila mahali, tena pale Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi ndiyo usiseme. Fungua boliti ya waya hasi ilipofungwa kwenye bodi. Ukikuta unga wa kahawia chini yake, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Grisi kabla ya kukaza haisaidii kitu. Vichwa vya betri vyenye unga wa kijani au mweupe, ondoa waya hasi kwanza, kisha vioshe kwa kijiko cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji ya moto. Maji hayo yasiingie ndani ya betri.

Kwa kazi hiyo weka ndani ya boksi: mita 5 za waya mwekundu na mita 5 za mweusi za milimita 2.5, mita 2 za waya wa milimita 6, vichwa vya waya ishirini na koleo lake la kubana, tepu ya umeme, msasa, kopo dogo la grisi. Fyuzi tano tano za ampea 10, 15, 20 na 30. Rangi zake ni nyekundu, bluu, njano na kijani, kwa hiyo hata gizani kwenye tochi hutakosea. Ile fyuzi kubwa iliyo karibu na betri beba mbili, za ampea zilezile. Na tafadhali, karatasi ya pakiti ya sigara haijawahi kuwa fyuzi. Fyuzi ikiungua mara mbili, kuna waya umechubuka mahali, na ukiulazimisha utalala ndani ya moto.

Maji: mita 2 za mpira unaolingana na wako, klipu sita, viungio viwili, tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kama nafasi ipo, pampu nzima ya akiba, haizidi uzito wa kuku. Pampu ikinguruma bila kusimama na mabomba yote yamefungwa, ama tangi limekauka ama kuna mahali panavuja. Kabla ya kuilaumu, safisha chujio lake, mchanga huanzia hapo.

Gesi usijitese. Tumia mtungi wa kilo 6 ambao kila mji njiani wanabadilisha. Mtungi uliotoka nje ya nchi hakuna atakayeupokea. Chukua raba mbili za rigulata, na kila ukifunga mtungi paka povu la sabuni kwenye kiungo. Likitoa mapovu, panavuja. Moto ukiwa wa manjano na kusuasua, tundu la jiko limeziba. Lizibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, si kwa sindano, maana sindano hulitanua.

Sasa gari lenyewe, na orodha ni fupi. Mkanda wa feni mmoja, filta ya dizeli moja, oili lita 2, breki fluidi chupa ndogo, balbu, na tepu ya silikoni ya kuzibia hosi za rejeta. Tepu hiyo haishiki penye unyevu wala mafuta. Acha injini ipoe kabisa, kausha hosi, vuta tepu mpaka irefuke karibu mara mbili, kisha zungushia kila mkunjo ukilalia nusu ya uliotangulia. Itakufikisha kwa fundi tu, usiigeuze ya kudumu. Na lita 10 za maji safi ziwe za rejeta peke yake: visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, yataila rejeta kutoka ndani.

Spana za Hiace ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Usiache 13 nyumbani hata ukiambiwa Toyota haina. Kitanda chako na stendi ya sola vimefungwa kwa boliti za hadware, na boliti ya milimita 8 ya hadware kichwa chake ni 13, wakati ya Toyota ni 12. Nati za magurudumu ni 21. Zilegeze zote kisha uzikaze tena leo hii ukiwa Thika, kwa spana utakayokuja nayo na kipande cha bomba cha kuirefusha. Zile zilizokazwa kwa mashine ya upepo zinaweza kukushinda, na Ngomeni si pahali pa kugundua hilo saa nane mchana.

Mchangani jeki huzama, kwa hiyo beba ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene wa inchi 2. Ukikwama, usikanyage mafuta, utajichimbia kaburi. Shusha upepo hadi psi 25 hivi, fukua mbele ya magurudumu, toka taratibu, kisha jaza tena kabla ya lami. Pampu ya upepo ifungwe moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu tundu la kuwashia sigara halihimili ampea zake.

Na ujue kuna mambo hakuna spana inayoyaweza. Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara ya Garsen na Lamu, kwa hiyo uliza madereva wa mabasi Malindi kabla ya kuondoka, na uulize hali ya usalama papo hapo. Usiku usisafiri. Watu hubeba vyuma vya kilo hamsini ila hawataki kuuliza swali moja.

Ukifika Mokowe gari linabaki bara, boti ndiyo itakuvusha. Kama utakaa Lamu siku kadhaa, toa vyakula, zima friji na uache mlango wake wazi kidogo isinuke. Ukitaka kutenganisha betri ya nyumba na una sola, chomoa paneli kwanza, betri baadaye. Ukirudi, anza na betri, kisha paneli.