Kazi ya pomboo: anzia Kizimkazi

Mwanangu, umeuliza kama msichana aliyemaliza kidato cha sita na Baiolojia nzuri anaweza kupata kazi ya kuokoa na kutafiti pomboo na nyangumi hapa Unguja. Anaweza, ila uokozi peke yake haulishi mtu. Ajira iko zaidi kwenye utafiti na hifadhi.

Soma digrii ya sayansi ya bahari au zuolojia. Uzamili utaupata papa hapa, Taasisi ya Sayansi za Bahari. Takwimu usizikimbie, zitakula siku zako nyingi kuliko kuogelea.

Ukisubiri chuo, nenda Kizimkazi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Unguja. Manahodha wa pale wanawajua pomboo wa Ghuba ya Menai kuliko wengi wenye vyeti. Omba upande chomboni na kamera, upige picha pezi la mgongoni: mapengo na mikwaruzo yake ndiyo humtambulisha kila mmoja. (Kuwarukia majini waachie watalii, ingawa heri nao wangeacha.)

Akikwama mmoja ufukweni, mlaze kwa tumbo, mfunike kitambaa kilicholowa, na tundu la pumzi kichwani libaki wazi, lisiingie maji. Asiburutwe kwa mkia. Akifa, bado ana mengi: jino likikatwa, tabaka zake huonesha umri. Mwaka 2006 walikufa mamia kule Nungwi, na mizoga ilichunguzwa. Harufu yake si mchezo, ujue mapema.

Na wavuvi wa jarife, nyavu za kutega zenye macho makubwa, usiwagombeze. Pomboo wengi hufia nyavuni, na wasipokwambia wao, hutajua.