Maswali Yenu ya Sheria: Polisi Anaruhusiwa Kufyatua Risasi Lini?

SWALI: Mhariri, ninauza nguo za mitumba hapa Kaptembwo, Nakuru. Vijana wenye visu wameniibia njiani zaidi ya mara moja nikielekea sokoni alfajiri, kwa hiyo msako wa polisi ulipoanza nilifurahi, na sikuuliza lolote waliposhika bunduki kuwaandama wale ambao mtaa mzima unawajua kuwa wezi. Majuzi kijana wa jirani yangu alipigwa risasi ya mgongo akikimbia, akafa. Tangu siku hiyo majirani hawasikilizani. Je, kama kweli alikuwa mwizi, kuna kosa gani?
– Mama wa Mitumba, Kaptembwo

JIBU: Mama, pole kwa uliyoyapata. Sitakuambia kwamba hofu yako ni ndogo, maana watu wa Nakuru hawajasahau Juni 2022, wanawake walipouawa kinyama eneo la Mawanga na jina la genge la Confirm likawa katika kila kinywa. Hata hivyo, ukumbuke pia kwamba katika mkasa huo mzito washukiwa walikamatwa wakiwa hai na kufikishwa mahakamani.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, hasa Jedwali lake la Sita. Jedwali hilo linamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu, na linamruhusu kutumia bunduki pale tu ambapo njia nyingine hazitoshi, kwa mfano kuokoa maisha yake au ya mtu mwingine aliye katika hatari ya kuuawa au kujeruhiwa vibaya wakati huo huo. Kabla ya kufyatua, anapaswa kujitambulisha kuwa ni polisi, kutoa onyo lililo wazi, na kumpa mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa kama kufanya hivyo kutahatarisha maisha. Kimo pia kipengele kinachotaja ulinzi wa mali, ambacho kwa maoni yangu ni kipana mno na kinawapa wakubwa mwanya wa kujitetea.

Kuhusu kukimbia, wengi hukosea. Jedwali linataja kumzuia mtu asitoroke, lakini linamzungumzia mtu aliyekwisha kushtakiwa kwa kosa kubwa na ambaye yuko mikononi mwa sheria. Kijana anayetimua mbio uchochoroni baada ya kuona gari la polisi hajashtakiwa popote wala hajashikwa, hata kama mfukoni ana simu ya wizi. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 71, ilikuwa na lugha pana zaidi iliyoweza kuhalalisha kifo kilichotokea wakati wa kumkamata mtu. Lugha hiyo haimo katika Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 26 kinakataza kumwondolea mtu uhai kwa makusudi, ila kwa kiwango kinachoruhusiwa na Katiba yenyewe au sheria nyingine iliyoandikwa. Tamko la mkubwa katika mkutano wa hadhara, hata akitaka wezi wapigwe risasi, si sheria iliyoandikwa.

Sasa nijibu swali lako lenyewe: na kama alikuwa mwizi? Sheria haiulizi sana alikuwa nani. Inauliza alikuwa akifanya nini risasi ilipotoka. Wizi wa mabavu ni kosa ambalo adhabu yake katika vitabu vyetu ni kifo, lakini ni hakimu anayeitamka baada ya kusikiliza mashahidi, na Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu mwaka 1987. Fikiria basi: aliyethibitishwa mahakamani kuwa jambazi anaishi gerezani, na aliyeshukiwa tu mtaani anazikwa. Hapo aliyeamua ni nani, na kwa ushahidi gani? “Kila mtu anamjua” ni maneno ambayo kesho yanaweza kusemwa juu ya mwanao, tena na mtu anayemdai pesa. Isitoshe, marehemu hataji aliyemkodishia bastola wala anayenunua simu zinazoibwa alfajiri. Mnunuzi huyo bado yuko dukani kwake, na atapata vijana wengine.

SWALI: Mpwa wangu aliuawa wakati wa msako huku Kondele, Kisumu. Tumeambiwa kulikuwa na majibizano ya risasi na kwamba alikutwa na bunduki ya kujiundia. Wazee wanataka tumpeleke nyumbani tumzike upesi. Tufanye nini?
– Mjomba, Kisumu

JIBU: Pole sana, Mjomba, kwako na kwa dada yako. Nawasihi wazee, kwa heshima zote, wasubiri kidogo. Mwili ukishazikwa kabla ya upasuaji, kuufukua kunahitaji amri ya mahakama. Upasuaji wa maiti ndio utakaoonyesha risasi iliingilia wapi na kutokea wapi, na mara nyingi ilipigwa kwa umbali wa kiasi gani. Hayo ndiyo yanayounga mkono au kuvunja hadithi ya majibizano. Ombeni daktari mliyemchagua nyinyi awepo, na msikubali nguo alizovaa zitupwe au zifuliwe.

Pigeni ripoti kituoni na mwondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kisha mwende ofisi ya IPOA, ile Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoko hapo hapo Kisumu. Kwa sheria, mkuu wa askari aliyefyatua anapaswa kuiarifu mamlaka hiyo kila mtu anapokufa au kuumia vibaya kwa risasi ya polisi, lakini msimngoje. Kama kuna aliyeona au aliyerekodi kwa simu, asiisambaze video mitandaoni. Aipeleke kwa wachunguzi, na akiogopa aulizie Wakala wa Kulinda Mashahidi.

Mahakama inaweza pia kufanya uchunguzi wa wazi wa kifo. Mji wenu unaijua njia hiyo: kufuatia kifo cha mtoto mchanga wa Nyalenda katika vurugu za uchaguzi wa 2017, hakimu wa Kisumu aliwabebesha polisi lawama mwaka 2019, na ikafika 2022 ndipo mashtaka yakaidhinishwa. Ni safari ndefu, sitawaficha. Mkitaka kuidai Serikali fidia kwa kesi ya madai, muda wenu ni miezi 12 tu. Ombi la kikatiba chini ya kifungu cha 22 halilipiwi ada ya kulifungua.

SWALI: Mume wangu ni askari hapa Kakamega. Anasema wakati wa oparesheni huambiwa “msirudi na mtu”. Akitii amri, si mkubwa wake atakayejibu?
– Mke wa Askari

JIBU: Mkubwa atajibu, na mumeo pia. Jedwali lile lile linasema waziwazi kwamba amri ya mkubwa si udhuru kwa matumizi ya nguvu yasiyo halali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa mauaji askari aliyempiga risasi kijana Githurai mwaka 2013, na wengine wamefuata njia hiyo.

Ninajua kukataa amri mbele ya wenzake si jambo jepesi, na kwamba naye hukutana na watu wenye silaha za kweli. Akiwa hatarini sheria inamlinda. Lakini akifyatua, hata kama hakumpata mtu, ni lazima aripoti kwa mkubwa wake, amtafutie matibabu aliyejeruhiwa, na asiruhusu kitu chochote kuondolewa au kuongezwa mahali pa tukio. Aandike taarifa yake mwenyewe siku hiyo hiyo, abaki na nakala, na akiona taarifa ya mkubwa haifanani na aliyoyaona, anayo haki ya kwenda IPOA peke yake.