Kulwa na Doto wangesoma wote enzi za Tudor?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tunaishi Leicester, Uingereza. Nina pacha wa miaka tisa: Kulwa wa kiume, Doto wa kike. Shuleni wanasoma habari za ukoo wa Tudor, wafalme wa Uingereza wa karne ya 16, na majuzi walipelekwa Bradgate kuona magofu ya nyumba ya kina Lady Jane Grey, yule msichana aliyewekwa malkia kwa siku chache mwaka 1553. Doto amerudi anasema wasichana wa zamani walisoma Kigiriki. Kulwa anabisha, ati shule ilikuwa ya wavulana tu. Nimwamini nani?
Mama Kulwa, Leicester

JIBU: Marahaba, Mama Kulwa. Doto kasema kweli, ila huyo Jane alikuwa mmoja kati ya maelfu. Mwaka 1550 mwalimu Roger Ascham alipita Bradgate akakuta wakubwa wote wametoka kuwinda, na Jane, wa miaka 13 hivi, amebaki ndani anasoma mwanafalsafa Plato kwa Kigiriki. Alipomuuliza mbona hakwenda na wenzake, Jane alimweleza kuwa mbele ya wazazi wake kila alifanyalo, akila, akishona, hata akinyamaza, lisipokuwa kamili hufinywa na kutishwa. Mwalimu wake, John Aylmer, ndiye aliyemfundisha kwa upole. Nimelisomesha somo hili miaka mingi, na hapo hunishika uchungu kila mara. Watu husifu Kigiriki chake. Mimi humwona mtoto aliyepata mahali pa kupumulia. Februari 1554 alikatwa kichwa.

Sasa tuwachukue pacha wako tuwaweke Stratford, mji wa mwandishi William Shakespeare, kwa baba fundi wa glavu. Mpaka miaka sita hivi Kulwa angevaa gauni kama dada yake, kisha angevishwa suruali, na siku hiyo ilikuwa kubwa nyumbani. Wote wawili wangeweza kupelekwa kwenye shule ndogo ya kujifunza kusoma. Kitabu chao kilikuwa kibao chenye mpini, kimebandikwa karatasi ya alfabeti na Sala ya Bwana, na juu yake pembe ya ng'ombe iliyochongwa nyembamba hadi herufi zikaonekana. Nilipoona picha yake mara ya kwanza nilikumbuka ubao wangu wa chuoni.

Baada ya hapo ndipo njia zingeachana. Kwenye miaka saba Kulwa angeingia shule ya sarufi, ambayo Stratford ilipewa hati yake na Mfalme Edward VI mwaka 1553. Majira ya joto masomo yalianza saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni, wakipumzika kwa chakula cha mchana. Kilatini, Kilatini, Kilatini. Aliyekosea alichapwa fimbo. Mwaka 1563 ilisikika kwamba wanafunzi wa shule ya wavulana ya Eton wametoroka kwa kuogopa viboko, na mazungumzo juu ya habari hiyo ndiyo yaliyomfanya Ascham aandike kitabu cha kutetea ufundishaji wa upole.

Doto asingepokelewa huko. Angebaki na mama yake akisokota sufu, akikanda mkate, akipika bia. Zamani baadhi ya wasichana walisomeshwa na masista, lakini Henry VIII alizifunga nyumba zao kati ya 1536 na 1540. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kusoma kulifundishwa kwanza, kuandika baadaye, kwa unyoya wa bata bukini uliochongwa kwa kisu. Wasichana wengi walitolewa shule katikati ya hayo mawili. Kwa hiyo mwanamke aliweza kusoma Biblia yake na asijue kuandika jina lake.

Pacha wa namna hiyo walikuwepo hasa. Hamnet na Judith, watoto wa William Shakespeare, walibatizwa Stratford mwaka 1585. Hamnet alifariki 1596 akiwa na miaka 11. Judith alikua, na mwaka 1611 alipoitwa kushuhudia hati ya mauzo ya nyumba, hakuandika jina. Alichora alama. Binti wa Shakespeare, mama!

Likizo ikifika nendeni Stratford, si mbali na kwenu. Darasa la ile shule ya sarufi, la ghorofani, lingali lipo na wageni huingia. Kulwa aonyeshwe kila kitu, lakini kwenye benchi umkalishe Doto kwanza.