Kabla Hujalipia Stika Angavu ya Kioo cha Duka

Mteja akiniambia anataka stika ya kioo "isiyo na nyeupe nyuma, ionekane maandishi tu", simuulizi ukubwa kwanza. Namuuliza ndani ya hicho kioo kuna nini. Duka lina taa au giza? Nyuma ya kioo kuna pazia, rafu za bidhaa, au ukuta?

Naanzia hapo kwa sababu ya jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi mpaka uwe umeshalipa. Rangi nne za kawaida za mashine ya kuprinti hazina nyeupe ndani yake, na zenyewe zinapitisha mwanga. Kwenye vinili nyeupe, yaani ile plastiki nyembamba yenye gundi inayotengenezewa stika, hilo halionekani, maana weupe unatoka kwenye vinili. Kwenye vinili angavu, kila kilichokuwa cheupe kwenye kompyuta kinakuwa wazi, na rangi zilizobaki zinabeba giza la dukani. Njano inapotea kabisa. Nyekundu inafifia na kuwa kahawia. Mtu aliye ng'ambo ya barabara ya Kenyatta hasomi chochote.

Dawa yake ni wino mweupe unaowekwa nyuma ya rangi, na si kila mashine inao. Kwa hiyo uliza mapema: "Mnaprinti nyeupe?" Wakisema hawana, mimi nakushauri uachane na stika angavu. Wakukatie herufi za vinili nyeupe kwa mashine ya kukatia, wazibandike moja kwa moja kwenye kioo. Kwa jina la duka, simu na saa za kazi, hizo zinasomeka vizuri, na mara nyingi hakuna haja ya kuprinti chochote. Wakisema wanayo, omba kipande kidogo chenye nembo yako, nenda nacho dukani, kishike kwenye kioo mchana wa jua kali, kisha vuka barabara utazame.

Suala la pili ni upande wa kubandika. Ukibandika kwa ndani, kazi inakaa salama: mvua haiigusi, vumbi haliigusi, wala watoto hawakwanyui kona zake wakitoka shule. Ila picha lazima iprintiwe kinyume, na mpangilio wa wino ugeuke, yaani rangi zitangulie, nyeupe ije juu yake. Ukibandika kwa nje, nyeupe inatangulia. Fundi asipokuuliza upande gani, mkumbushe.

Sasa, hapa Mwanza maduka na ofisi nyingi zina vioo vya bluu au vile vinavyoakisi kama kioo cha kujitazamia. Kwenye vioo hivyo usihangaike na kubandika ndani, mchana stika haitaonekana. Bandika nje, na ukibandika nje usinunue vinili ya bei ya chini kabisa. Ile ya kawaida hunywea ikipigwa jua, ikaacha mstari wa gundi pembeni unaokusanya vumbi. Omba vinili ya aina ya "kasti", ambayo ni nyembamba na hainywei sana, au filamu ya poliesta, ambayo kwa kioo kilichonyooka ndiyo ninayoipenda zaidi kwa uangavu wake. Juu yake iwekwe laminesheni, yaani utando angavu wa kukinga. Kama wino ni wa solventi (kiyeyushi kinachokauka kwa kupaa hewani), kazi ipumzike walau saa 24 kabla ya laminesheni, kwa sababu solventi ikifungiwa ndani inalainisha vinili na kuharibu gundi. Mteja anayesema "nataka leo leo" ajue anachokipoteza.

Mji wetu uko karibu digrii 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kioo kinachotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri mwaka mzima. Duka lako likielekea huko, usibane pesa kwenye vinili wala laminesheni.

Kuna vinili zenye vijifereji kwenye gundi vya kutolea hewa. Kwenye gari ni nzuri sana. Kwenye kioo, vile vijifereji vinaonekana. Kwa stika angavu taka gundi laini, na ibandikwe kwa maji yenye matone machache ya sabuni, kisha maji yasukumwe nje kwa skwiji kuanzia katikati. Kioo kisafishwe kwanza kwa wembe na spiriti. Migahawa ya samaki huku Kirumba ina utando wa mafuta ambao macho hayauoni lakini gundi inauona. Na kazi ya nje ifanyike asubuhi. Usiku ukiwasha taa karibu na ziwa, vidudu vya ziwani vinafuata mwanga, na kimoja kikiingia chini ya stika angavu hakuna pa kukificha.

Wanaotaka picha kubwa ya kufunika kioo chote huku waliomo ndani wakiona nje, hao wanahitaji stika yenye matundu. Usiku taa za ndani zikiwaka, mambo yanageuka: wa nje ndiye anayeona ndani.

Stika ikishabandikwa kwa maji itakuwa na ukungu kidogo kwa siku kadhaa, mpaka unyevu ukauke. Usiibandue, usiichome sindano, wala usimpigie fundi simu usiku. Mpigie kama ukungu bado upo baada ya wiki mbili.