Soprano akikwama kwenye F ya juu, usimwongezee pumzi

Mwalimu mwenzangu ameuliza: mwanafunzi wake wa soprano, yaani sauti ya juu ya kike, hupanda vizuri mpaka E, lakini akigusa F ya mstari wa tano wa stafu (mistari mitano ya kuandikia noti), sauti inakonda, shingo inakaza, na mara nyingine inakatika kabisa. Amemhimiza asukume pumzi na hali imezidi kuharibika.

Lazima iharibike. Kwenye F hiyo nyuzi za sauti hugongana karibu mara 700 kwa sekunde. Kinywa kinachotamka "i" au "u" huvuma vizuri kwenye takriban 300 tu, kwa hiyo noti imeshakipita kinywa na haipati msaada. Mwimbaji anahisi pengo, analijaza kwa nguvu, nyuzi zinabanwa. Dawa ni taya: likishuka, mvumo wa kinywa hupanda kuifuata noti. Kuanzia D alishushe kidogo kidogo. Akifika F, kati ya meno pawe na nafasi ya vidole 2, na ile "i" iachwe ielekee "e". Yeye mwenyewe atajisikia kama amekosea matamshi, lakini msikilizaji aliye mbali hulipata neno kupitia konsonanti. Walimu wengi huogopa hapa na kumrudisha kwenye "i" ya mazungumzo. Tafadhali usifanye hivyo.

Kabla ya kupanda, mpe dakika 5 za mrija. Ncha izame sentimita 2 au 3 ndani ya glasi ya maji, avumishe "u" kutoka chini hadi juu na kurudi. Mapovu yakitoka sawasawa, pumzi imetulia; yakirukaruka, anasukuma. Kisha do-re-mi-fa-so-fa-mi-re-do, kila mara nusu toni juu, kidole gumba chake kikiwa chini ya kidevu. Nyama ya hapo ikiwa ngumu, shina la ulimi linakandamiza kongomeo, kisanduku cha sauti kooni. Msimamishe, mshushe toni 1, aimbe ncha ya ulimi ikigusa meno ya chini.

Noti za juu zipewe dakika 10 za somo, wala zisiwekwe mwisho akiwa amechoka. Mbavu zibaki zimepanuka mpaka sentensi iishe. Zikianguka mapema, shingo hubeba mzigo wake.

Na hili linaniuma kwa jinsi linavyopuuzwa: sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 2 ipelekwe kwa daktari wa koo, atazame nyuzi kwa kamera. Asali haizifikii, kwani kinachomezwa hupita njia ya chakula. Majibu yasipotoka, onyesho liahirishwe.